Walidhani Anadeka

Shati lako likiwa na doa, ulilipeleka kwa Bibi Pasi. Ukiwa na kiburi, ulikiacha mlangoni. Mwanamke yule hakumchelea mtu. Karani mmoja aliwahi kumletea suruali saa ya kufunga, akataka ipigwe pasi papo hapo, akaambiwa kwamba suruali nayo huchoka, hasa ikishinda kitini kutwa nzima inamsikiliza yeye. Karani akacheka, akairudia kesho yake. Wote walirudi. Mkunjo wa suruali iliyopita mikononi mwa Bibi Pasi ungeweza kukata mkate, na kola zake zilisimama wima hata mwenye shati akisinzia.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, penye dirisha la barabarani na ubao wa kupokelea nguo. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, shuka lenyewe limejaa alama za pasi zilizosahaulika. Pasi ya umeme ilikuwepo, na ya mkaa pia, kwa ajili ya siku umeme unapokatika, yaani siku nyingi. Nyuma kulikuwa na ua wa saruji, bomba, mabeseni, ndoo ya wanga, na kamba zilizovutwa ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mtu mrefu alipita pale ameinama kama anaomba radhi.

Udobi aliuanza baada ya mumewe, dereva wa lori, kufariki na kumwachia watoto wadogo na kitanda. Wa mwisho, binti, alikuwa hajajua hata kukaa. Alimlaza juu ya gunia kando ya beseni, akafua. Mtoto akilia, alifua. Akinyamaza, alifua. Watu walipomwambia ambebe japo kidogo, alijibu kwamba mgongo wake ameshauuza kwa maji. Watoto wakakua na adabu zao, wakatawanyika kutafuta maisha, naye akabaki na imani moja aliyoishika kuliko zote: mtoto hadekezwi. Samaki mkunje angali mbichi. Mama aliyepita barabarani amembeba mtoto mwenye miguu yake kamili alisikia kutoka dirishani akiulizwa kama huyo ni mwanawe au ni mzigo wa soko.

Na kudeka ni kitu cha ajabu ukikitazama. Si kulia, wala si ukaidi. Ni mtoto anayejua kutembea kutaka kubebwa, na anayejua kusema kuanza tena kusema kitoto, kwa sababu tu yupo mtu anayempenda wa kumfanyia hivyo. Ndiyo maana mtoto hamdekei mgeni. Bibi Pasi aliyajua yote hayo, akayachukia hivyo hivyo.

Halafu akaletewa mjukuu.

Yule binti wa juu ya gunia alikuwa amepata kazi mji mwingine, kwenye kiwanda cha kupaki matunda, na kule alilala chumba kimoja na wanawake wenzake. Mtoto hakuwa na pa kukaa. Akamleta kwa mama yake, mtoto wa kiume aliyeachishwa ziwa juzi juzi tu, akaondoka analia. Bibi Pasi akamtazama yule mtoto, mtoto akamtazama yeye, na kwa kuwa bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume tangu dunia iumbwe, akamwambia, "Haya, mume wangu, karibu nyumbani. Kazi unayo?"

Jina likamganda. Mtaa mzima ukamwita Mume. Alipofika umri wa miaka minne alikuwa kweli mwenye nyumba: anapita uani mikono nyuma, anakagua kamba, anauliza, "Mke wangu, chai yangu iko wapi?" kwa sauti aliyoiba kwa wateja. Kazi alikuwa nayo pia. Alikuwa mtunza vibanio. Alisimama chini ya kamba na kopo lake, akimpa bibi yake kibanio kimoja kimoja, na akikuta chenye nyufa alikikemea kwanza, akakirudisha koponi. Bibi Pasi hakumbeba hata siku moja. Alimpenda kupita kiasi, na aliuficha upendo huo kwa kumtuma.

Msimu ule ugonjwa wa tumbo ulipita mtaani kama mgeni asiyebisha hodi. Watoto wa nyumba hii wakatapika, wa nyumba ile wakahara, na uani kwa Bibi Pasi mashuka yakawa mengi. Mume naye akashikwa. Hapa asije mtu akasema bibi alizembea. Alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kutwa, bila kuchoka. Akimwaga, alimpa tena. Alimlaza kifuani pake, yeye Bibi Pasi, akaacha nguo za watu zikiwa zimelowekwa. Tumbo likafunga, mtoto akaomba mkate, akarudi kwenye kopo lake la vibanio. Bibi akamshukuru Mungu na kuyarudia mashuka yaliyomngoja.

Ilikuwa wiki iliyofuata, au zaidi kidogo, ndipo Mume alipoanza kutaka kubebwa.

Alianza kwa kunung'unika. Halafu akawa anakaa chini njiani, kati ya chumba na ua, ananyoosha mikono. Maneno yake yakawa mazito, yenye mate, kama ya mtoto wa mwaka mmoja. Vibanio vikawa vinamponyoka. Na kila aliyemwona alisema neno lile lile moja, kwa sababu lugha ilikuwa nalo tayari na lilimkaa kama shati la kupimiwa.

"Anadeka," alisema muuza mkaa, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuja kuleta gunia. "Alipoumwa alilala kifuani. Ameonja asali huyo."

"Anadeka," alisema karani dirishani.

Jumapili binti akapiga simu kutoka mji wa kazi, akasimuliwa, akacheka kwa raha ya mtu aliye mbali. "Mama, leo nimepata pa kukushika. Umemdekeza mwenyewe. Sisi ulitulaza kwenye gunia."

Maneno hayo yalimwingia Bibi Pasi. Ilikuwa kweli, alimdekeza. Na aliyeharibu ndiye atengenezaye.

Basi akamsimamisha Mume mlangoni, akavuka ua mpaka chini ya kamba, akalitikisa kopo la vibanio. "Njoo kazini, mume wangu. Mguu wa kwanza, mguu wa pili."

Mtoto akashika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Akajaribu. Uso ukamkunjamana, akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Bibi, mguu hautaki."

Bibi Pasi akacheka. Nani asingecheka? Mtoto wa miaka minne anautetea mguu wake kama wakili. "Hautaki? Umeuuliza vizuri?"

"Hautaki," alisema mtoto, akaanza kulia.

Akamwacha alie. Akaendelea kuanika, macho kwenye kamba, moyo umekazwa. Mtoto akateleza polepole kwenye mwimo mpaka akakaa chini. Hakuja. Na bibi hakumfuata mpaka beseni lilipokwisha.

Kichekesho hicho akakipeleka dirishani. Kilipendwa. Karani alipochelewa kuchukua nguo zake akasema mguu ulikuwa hautaki, na muuza mkaa akapita na mkokoteni wake akipaza sauti kuuliza kama leo mguu umekubali. Mtaa mzima ulicheka, na wala si kwa ubaya. Mtoto alikuwa amesema ugonjwa wake kwa maneno matatu yaliyonyooka kuliko ya mtu mzima yeyote, wakayageuza utani. Ukitaka kukasirika hapa, kasirika, lakini utamkasirikia nani?

Asubuhi moja Bibi Pasi alikuwa juu ya shati jeupe la karani. Mume alikuwa kwenye mkeka chini ya meza, amelala, na alikuwa amelala tangu alipoamshwa kunywa chai asiyoinywa. Bibi akasikia mguu wa meza unagongwa. Akamwambia aache. Ukagongwa tena, haraka, kwa mpigo usio wa mtoto anayecheza. Alipoinama alimkuta amekakamaa, macho yamegeukia upande mmoja, kisigino kinagonga meza chenyewe.

Harufu ya shati likiungua ndiyo iliyomleta muuza mkaa. Alimbeba mtoto kwa mikono yake myeusi mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, na Bibi Pasi akaingia na ndala za rangi mbili tofauti.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyobanduka rangi na madirisha yaliyokuwa juu mno kwa mtoto kuchungulia. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole na uchovu chini ya macho. Mtoto alichomwa sindano ya kuzuia degedege, akatolewa damu, akatolewa maji ya uti wa mgongo, akapelekwa kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Kisha daktari akaketi kando ya Bibi Pasi kwenye benchi.

"Bibi, kabla ya haya aliumwa nini?"

"Tumbo tu, daktari. Walishikwa wote mtaani. Liliisha."

"Liliisha, ndiyo. Kile kirusi cha tumbo mwili ulikipiga ukakimaliza. Lakini kuna watoto wachache, sijui kwa nini wao na si wengine, ile kinga yao ikishamaliza vita haijui kwamba imemaliza. Inatafuta adui mwingine. Kwa mjukuu wako imeugeukia ubongo. Ubongo umevimba."

Bibi Pasi alifikiri. "Mwili wake mwenyewe?"

"Wake mwenyewe."

Alielewa upesi kuliko alivyopenda. Dawa ya madoa ni hivyo hivyo. Ukiisahau kwenye nguo, inakula doa, na doa likiisha inaanza kitambaa.

"Alianza lini kupoteza nguvu za miguu?" daktari aliuliza.

Hapo Bibi Pasi, mwanamke aliyejibu makarani na madereva na wakaguzi wa maji, akaziangalia ndala zake za rangi mbili. Mwisho akasema, "Alituambia. Tulidhani anadeka."

 Daktari alikuwa amezaliwa ndani ya lugha hiyo hiyo, na huenda naye alikuwa na mtoto nyumbani. Aliandika, akafunga kalamu yake.

"Tungeanza dawa mapema ingekuwa na faida?" Bibi aliuliza.

"Mapema ni bora siku zote. Kwa kiasi gani kwake yeye, sitakudanganya, bibi, sijui. Wengi wanarudi kabisa. Wengine wanarudi nusu. Tumpe dawa, tuone."

Wakampa dawa ya kutuliza kinga, ya mshipani, nyingi. Ilipoonekana haitoshi wakampa nyingine, iliyotengenezwa kwa damu za watu wengine waliojitolea, tone kwa tone. Bibi Pasi alikaa kando akilitazama kila tone. Homa ikashuka. Degedege zikakoma. Macho yakafunguka, yakatazama dari. Alimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, akamtania, akamkaripia, akamwambia vibanio vimeibwa. Macho yakaendelea kutazama dari.

Binti alifika na mkoba wa plastiki na harufu ya maganda ya matunda mikononi. Alimwangalia mwanawe kwa muda mrefu. Bibi Pasi alikuwa amejiandaa kwa lawama, akaziandalia na majibu ya kuzipokea, kwa sababu alizitaka. Hazikuja.

"Mama, ni mimi," binti alisema. "Mimi ndiye niliyecheka kwenye simu. Nikakwambia umemdekeza."

"Ni mimi niliyekuwa naye."

"Ungembeba kama nisingesema."

Bibi Pasi alitaka kumwambia si kweli, akaona kwamba huenda ni kweli. Wakakaa pande mbili za kitanda, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa mtoto, wakisugua. Hakuna aliyeweza kumsamehe mwenzake, kwa kuwa kila mmoja aliona kosa ni lake na hakutaka kuligawa.

Mwishowe wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Kichwa cha Mume kilihitaji mkono wa mtu kukishikilia. Alimeza uji ukiwekwa nyuma ya ulimi, taratibu. Hakusema. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mcheshi, aliwaonyesha namna ya kukunja na kukunjua viungo vyake ili visikaze, na Bibi Pasi akajifunza kwa makini ya mtu anayejifunza kukunja kitambaa kigeni. Binti akakaa mpaka kiwanda kilipotuma neno kwamba kuna wengine wanaoitaka nafasi yake. Akaondoka. Mara hii hakulia, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kilio.

Muuza mkaa akaja kumfariji jirani yake. Alikuwa mtu mwema mwenye mdomo usiokuwa na breki. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia, akaanza, "Jirani, usijitese bure. Wahenga walisema majuto ni mjukuu..." Akajisikia. Akatazama kofia yake. Methali ile alikuwa ameisema maisha yake yote bila kuisikia hata mara moja.

"Malizia tu," alisema Bibi Pasi. "Nimeshapata vyote viwili."

Kazi ilirudi, kwa sababu nguo chafu hazina huruma. Na mgongo uliouzwa kwa maji ukapata kazi ya pili. Alimfunga Mume mgongoni kwa shuka, mtoto wa miaka minne, miguu mirefu inaning'inia mpaka magotini pake, akafua hivyo. Kina mama waliowahi kuchekwa dirishani walipita wakatazama chini. Wala hawakuwa na haja. Dirishani kwenyewe utani ulikuwa umekwisha. Wateja waliweka nguo, wakasema asante, wakaondoka, na Bibi Pasi akazitia mikunjo ile ile, safi, bila neno. Karani hakulitaja shati lake kamwe. Alinunua jingine akalileta likiwa jipya, kufuliwa kwa mara ya kwanza, ili tu apate la kuleta.

Lakini tumaini alikuwa nalo, na hilo ndilo lililomsimamisha. Alikuwa na hesabu yake. Mtoto anaumwa. Ugonjwa una mwanzo, una kilele, una mwisho. Kwa sasa uko kichwani, mwaka huu au mwakani utatoka, kama tumbo lilivyofunga, na ukishatoka Mume atarudi mwenyewe pale ulipomwachia. Kwa hiyo kila dalili aliikusanya. Kidole gumba kilichojikunja. Sauti kooni asubuhi, karibu na herufi. Siku moja mtoto aligeuza macho mlango ulipofunguliwa, na Bibi Pasi akampigia binti yake simu katikati ya kazi kumwambia. Alimfunika vizuri, alimlisha vizuri, alimfanyisha mazoezi bila kuruka, akingojea ugonjwa uondoke kama mtu anayengoja mvua ipite aanike.

Siku ya kurudi kliniki akamvalisha shati dogo alilolinyoosha kwa wanga, kola imesimama. Walipiga tena picha ya kichwa. Wakangoja kwenye korido ndefu iliyojaa watoto wanaokohoa, mpaka wakaitwa. Daktari alikuwa yule yule. Aliziweka picha kwenye mwanga, akazitazama moja moja, na Bibi Pasi akamtazama yeye. Akaona uso wa daktari unalegea kwa nafuu.

"Habari ni nzuri, bibi. Uvimbe umeisha wote. Hakuna kipya. Ugonjwa umekwisha, na tutaacha zile dawa."

Bibi Pasi akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi ile ya shati jeupe. Alitaka kucheka, akatabasamu, akamweka mtoto sawa pajani, akamfuta mate.

"Kwa hiyo sasa atapona lini?"

Daktari akageuka kutoka kwenye mwanga.  Akavuta kiti, akakaa karibu, mbele yake kabisa, magoti yao yakakaribia kugusana, akamshika mtoto mguu.

"Bibi," alisema. "Ameshapona."

Mwanzoni hakuelewa. Alimtazama daktari, akamtazama mtoto, aliyekuwa ameegemeza kichwa kwenye mkono wake, mdomo wazi, macho yamekwenda dirishani. Akangoja sehemu ya pili ya sentensi. Daktari akaongea kuhusu mazoezi, na kwamba yasiachwe, na kwamba pengine shingo itaimarika kidogo, na kuhusu kiti maalumu cha kukalia, na kwamba sehemu za ubongo zilizoliwa haziwezi kuota tena. Yote yalikuwa ya ukweli na yalisemwa kwa upole. Bibi Pasi aliitikia kila palipohitaji kuitikiwa. Kisha akainuka, akamfunga mjukuu wake mgongoni, akasema asante sana, daktari.

Koridoni mama mmoja mwenye kichanga alimsogezea nafasi kwenye benchi afunge vizuri fundo la shuka. Aliiangalia ile miguu mirefu inayoning'inia.

"Pole, mama," alisema. "Wako anaumwa nini?"

Bibi Pasi alikaza fundo. "Haumwi," alijibu. "Ameshapona."